Waliosimama Miguuni pa Kitanda

Kwa miaka mingi mke wangu aliosha maiti. Haikuwa kazi ya kuajiriwa. Akifa mwanamke au mtoto mtaani kwetu, mtu alikuja kubisha hodi, naye mke wangu alikunja mikono ya gauni, akachukua ndoo na vitambaa vyake, akaenda. Watu walimwita Mama Sabuni akiwa hayupo, na akitokea waliinuka kumpisha kiti. Walimheshimu kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani, kwa upole na kwa mbali kidogo.

Mimi ni fundi magodoro. Kazi yangu ni ya watu watakaoamka na yake ni ya wasioamka, kwa hiyo hatukuwahi kugombania wateja. Mengi ninayoyajua nimeyapata ukubwani, kwa kuuliza. Lakini yaliyofanyika katika vyumba vile, mlango ukishafungwa na maji ya uvuguvugu yakishaletwa, sikumuuliza hata mara moja. Kila ndoa ina chumba ambacho mmoja haingii.

Maumivu yalimwanzia kitovuni, yakashuka upande wa kulia. Alisema ni gesi. Akanywa maji ya moto, akajifunga kitambaa kiunoni, akaendelea kufua. Nilimkuta amelala sakafuni jikoni, shavu kwenye saruji, anachemka kwa homa. Hospitali wakasema ni kidole tumbo, na kimeshapasuka. Walimpasua siku hiyo hiyo.

Alipozinduka vizuri, daktari wa upasuaji alikuja kitandani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, amevaa viatu vya raba visivyotoa mlio, hivyo kila mara ulimwona ameshafika.

"Mama, usaha ulikuwa umesambaa, lakini tumekuosha vizuri," alisema. "Ndani kote tumekuosha."

Alisema hivyo kumtia moyo, na mimi nikamshukuru. Mke wangu alimtazama, kisha akageuza macho yake miguuni pa kitanda. Hapo yakabaki.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo muuza nyanya mmoja, mwili mkubwa, aliyetolewa uvimbe kwenye kizazi. Wauguzi walimwita Redio, naye hakuona ubaya. Alijua ndugu wa kila mgonjwa, nani analetewa chakula na nani analetewa maneno matupu. Kwake nilianza kuelewa swali ambalo daktari aliwauliza waliopasuliwa wote, akipita kila asubuhi.

"Umetoa upepo?"

"Bado, daktari," Redio alijibu. "Nauita, hauji. Una maringo kama mwanaume mwenye pikipiki."

Daktari akaja kwetu. "Na mama?"

Mke wangu akatikisa kichwa.

Nikamuuliza daktari upepo una kazi gani. Hakunidharau. Alikaa ukingoni mwa kitanda, upande ambao godoro lilikuwa limebonyea, akanieleza.

"Utumbo, mzee, unasusa. Ukiushika, hata kwa nia njema, unasusa na kulala. Hausukumi chakula wala hewa wala maji yake wenyewe. Baada ya upasuaji ni jambo la kawaida, na kwa wengi huamka wenyewe baada ya siku mbili tatu. Wa mama umeguswa na usaha, kwa hiyo tutaupa muda zaidi. Mpaka hapo asile wala asinywe."

"Mtajuaje umeamka?"

"Atatoa upepo. Sisi hapa hatusubiri malaika, mzee. Tunasubiri ushuzi."

Redio alitoa wake mchana, hadharani, na wodi nzima ikampigia makofi. Muuguzi akamletea chai. Akainua kikombe kama aliyefaulu mtihani.

"Mama, na wewe jitahidi," alimwambia mke wangu. "Au kwenu mpaka mume atoe ruhusa?"

Mke wangu hakucheka. Redio akanigeukia. "Baba, huyu mama ni mtu wa kazi gani, mbona hata kunguni wanamwogopa?"

Nikamwambia.

Redio alinyamaza, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu alazwe. Kisha mdomo ukamshinda. "Ndiyo maana wazee walisema mwosha huoshwa."

"Bado," mke wangu alisema, na siku ile hakusema neno jingine.

Tumbo lake likaanza kupanda. Najua namna kitu kinavyojazwa mpaka mshono ulalamike. Naujua mshono huo kwa vidole. Shuka liliinuka siku hadi siku, na chini yake tumbo lilikuwa gumu, linang'aa. Akaanza kutapika maji ya kijani. Wakampitisha mrija puani mpaka tumboni, na yale ya kijani yakawa yanashuka kwenye chupa iliyoning'inia pembeni. Mkononi dripu, puani mrija. Alifungwa huku na huku kama mzigo.

Daktari alikuja na stetoskopu yake, akaiweka juu ya tumbo, akasikiliza muda mrefu hata muuguzi akaanza kutazama dirishani. Nikaomba na mimi nisikilize. Akanipa.

Niliwahi kuingia katika nyumba zilizohamwa, kuchukua magodoro yaliyoachwa. Hata nyumba hizo hulia: mbao hujinyoosha, bati hupata joto, panya hupita. Mle ndani ya mke wangu hamkulia kitu. Nilisikia damu ya masikio yangu mwenyewe. Nilipoinua kichwa nilimwona anatazama palepale, miguuni pa kitanda, kama mtu anayehesabu wageni walioingia bila kupiga hodi.

Muuguzi alimtaka ashuke atembee, maana kutembea huamsha utumbo. Alisema miguu haina nguvu. Alipewa chingamu atafune, kuudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja; akaitema ndani ya kiganja. Badala yake aliomba sindano kali ya maumivu, na alipopewa aliomba nyingine.

"Mama, hizi sindano zinaondoa maumivu, ila na utumbo unazisikia," muuguzi alimwambia. "Unazidi kulala."

"Naumwa, sista."

Nikashangaa. Huyu alizaa watoto wake wote akiuma upindo wa shuka, na wa mwisho alizaa huku akinielekeza nilikoweka wembe. Sikuwahi kumsikia akiomba dawa. Muuguzi alipotaka kumpapasa tumbo aone ugumu wake, mke wangu alimdaka mkono, akaukamata kwa nguvu ambazo hatukujua bado anazo.

"Usikandamize hapo," alisema.

Siku hiyo, wodi ilipojaa watu wa kuwaona wagonjwa, niliketi nikafuata macho yake. Palikuwa na chuma cha kitanda, rangi imebanduka, na ukuta.

"Unamtazama nani?"

"Hawa."

"Hawa kina nani?"

"Niliowaosha." Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, kama anayesema maziwa yameisha. "Nywele bado zimelowa. Niliwafuta vizuri mimi. Sijui kwa nini zimelowa."

"Wanasemaje?"

"Hawasemi. Wamesimama. Mtoto wa mwalimu wamemweka mbele, asije akakosa kuona. Hafikii hata huo ukingo."

Nilikwenda kumwambia daktari, si kwa kulalamika, ila nilitaka kujua. Akasema haishangazi. Maji yanayotoka kwa mrija yanaondoka na chumvi za damu, hasa potasiamu, na damu ikipungukiwa mtu huweza kuchanganyikiwa. Tena chumvi hizohizo ndizo utumbo unazozitumia kujisogeza, na moyo nao unazitaka. Wakamwongezea kwenye dripu, wakapima tena. Chumvi zikarudi mahali pake. Mke wangu akajua siku, akajua jina la muuguzi, akaniuliza kama nimefunga bomba la uani.

Wale hawakuondoka.

Wakampiga eksirei. Baadaye daktari akaniita koridoni, akainua picha kwenye mwanga wa dirisha. Utumbo ulionekana kama kamba nono iliyotupwa ndani ya gunia.

"Hakuna kilichoziba, mzee. Tena tazama: hewa hii imefika mpaka mwisho kabisa, mlangoni. Kwa picha hii utumbo umeshaanza kuamka, na alitakiwa awe ametoa upepo. Anasema hakuna. Na tumbo linazidi. Sielewi."

"Likizidi inakuwaje?"

Alinitazama akipima kama niambiwe. Nikamwambia mimi siogopi maneno, naogopa kufichwa.

"Likijaa sana, kuta za utumbo huwa nyembamba, damu inashindwa kupita, kipande kinakufa, kinatoboka. Uchafu unamwagika ndani na tunarudi kulekule kwenye usaha. Au anatapika akiwa amelala, matapishi yanaingia mapafuni. Wasiwasi wangu ni kwamba kuna usaha umejificha mahali, picha haiuoni. Kama hakuna mabadiliko, kesho asubuhi namfungua tena."

"Atahimili?"

"Wengi wa namna hii hupona bila kisu, mzee. Ningekuwa mwongo nikisema vingine. Lakini kumfungua mara ya pili, kwa umri wake na alivyodhoofu..." Akairudisha picha ndani ya bahasha. "Mwombe atembee. Labda wewe atakusikia."

Nilirudi kitandani nikavuta pazia. Jua lilikuwa bado kali dirishani, na watu wa vitanda vingine walikuwa wakiongea na kumenya matunda. Nikaketi upande uliobonyea. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Ndipo tumbo lake likalia. Mlio mrefu, wa chini, kama maji yanayorudi kwenye bomba baada ya mgao. Sikuhitaji stetoskopu. Nikamtazama usoni ili tufurahi pamoja.

Alikuwa ameuma meno. Ngumi zote mbili zimekamata shuka. Nikatazama chini, na chini ya shuka nikaona vifundo vya miguu vimepishana, kimoja juu ya kingine, vimekazwa kama fundo la kamba. Akabaki hivyo mpaka mlio ukaisha na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Unabana," nilisema.

Akafumba macho.

"Tangu lini?"

"Jana ilikuja, nikairudisha. Leo imekuja mara nyingi."

"Na daktari anakuuliza, unamwambia hakuna."

"Yule mwanamke ananiuliza kila asubuhi kama nimekwisha. Unataka nimwambie ndiyo?"

Nikamwambia simwelewi. Kisha akanifungulia kile chumba.

"Ukishamlaza maiti, kabla ya maji, unaweka kiganja hapa, chini ya kitovu, unakandamiza taratibu kwenda chini. Lazima, la sivyo ataichafua sanda. Na hutoka pumzi. Hata awe amekufa tangu asubuhi, hutoka. Watu wanasema roho hutokea mdomoni, kwa sababu hawajawahi kuweka mkono. Ile ya mdomoni siyo ya mwisho, bwana. Ya mwisho ni hii. Mpaka hapo bado ni mtu, unaona haya kumfunua. Ikishatoka, amekuwa kitu, unaosha kama unavyoosha sufuria. Nimeisikia kwa kila mmoja. Kwa mama yangu. Ya mtoto wa mwalimu ilikuwa ndogo, kama mtu anapuliza chai."

"Kwa hiyo yako unaizuia."

"Naizuia. Nao wanajua. Ndicho wanachosubiri."

Nilikuwa na maelezo yote kichwani, ya utumbo unaosusa, ya chumvi na hewa iliyofika mlangoni, na yalikuwa kweli. Lakini mtu huwezi kumtoa kwenye chumba kwa kumpigia kelele dirishani. Inabidi uingie. Nikauliza jinsi ninavyouliza nikipokea godoro.

"Katika wote hao, nani alikubania?"

"Nini?"

"Ulipoweka mkono. Yupo aliyekaza? Aliyekudaka mkono, kama ulivyomdaka sista? Aliyesema naumwa, nipe sindano?"

"Maiti hakazi."

"Na wewe?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki katika kazi yake, hakuweza kuisingizia. "Mimi nimekaza mpaka visigino vinawaka moto," alikiri.

Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Mimi nilitoa yangu siku nyingi na bado nakula, kama kuna anayetaka shahidi."

"Redio, jizime," mke wangu alisema, na akacheka kidogo, na kicheko kikamchoma kwenye kidonda, akashika tumbo.

Kicheko kikapita. Akatazama tena miguuni pa kitanda, na nikaona hofu imerudi mahali pake kama mtu aliyekwenda kunywa maji tu.

"Nikienda nayo," alisema, "usimwite mtu mwingine. Unioshe wewe."

"Sijui kuosha."

"Nitakuelekeza sasa. Sugua viganja kwanza. Mkono wa baridi ni utovu wa adabu."

Nikasugua viganja. Vina sugu za sindano, nikaona aibu navyo. Akaniambia nikae upande wa kulia, si kushoto. Akaniambia nisitazame uso wake, maana asiyeweza kukutazama hatazamwi. Nikamwambia wewe unaweza kunitazama. Akasema, "Basi nitazame." Kisha akachukua mkono wangu, akauweka chini ya kitovu, mbali na bandeji, akauachia.

"Polepole," alisema. "Usioneshe haraka. Ukionesha haraka wanadhani wanakuchelewesha."

Nimekandamiza pamba na sufi maisha yangu yote. Sikuwahi kukandamiza kitu nikiogopa kitashuka. Tumbo lilikuwa la moto na gumu, na ndani yake kitu kikazunguka chini ya kiganja changu kama mtoto anayejigeuza. Nikawaza: kama yeye ndiye aliye sahihi, basi mkono huu ndio unaommaliza. Nikataka kuuondoa. Akaniambia, "Usiondoe. Ukishaanza huondoi." Nikaona vile vifundo vya miguu vinaachana, kimoja, halafu kingine.

Ikatoka. Ilikuwa ndefu, haikuwa na haraka, na ilisikika. Tumbo likashuka chini ya mkono wangu kama godoro anapoinuka mtu aliyelilalia. Hata kitanda cha Redio kilikuwa kimya. Mke wangu alikuwa ametulia, mdomo wazi kidogo, macho juu, na sikuona kifua kikipanda.

"Upo?" nilimuuliza.

Hakujibu.

"Mama watoto. Upo?"

"Subiri," alisema. "Bado naangalia."

Tukasubiri wote wawili. Nje mtu alikuwa akivuta toroli lenye gurudumu bovu, likapita, likaisha. Kisha akavuta pumzi, ndefu, ya puani na mdomoni, ikagonga mrija.

"Nipo," alisema.

"Na wao?"

Akatazama miguuni pa kitanda, mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Wamekaa," alisema. "Walichoka kusimama."

Nikainuka kwenda kumwita muuguzi. Mimi sikuwahi kuona kitu pale. Lakini nilipofika mwisho wa kitanda nilipita upande wa ukutani, nimejibana, nisije nikamkanyaga mtu.

Daktari alisikiliza tena, na safari hii hakukawia. Alisema kunalia humo kama jikoni. Upasuaji wa asubuhi ukafutwa. Mke wangu akaanza kutembea, kwanza mpaka dirishani, kisha mpaka mlangoni na kurudi, nguzo ya dripu mkononi. Sindano kali hakuziomba tena. Mrija ukatolewa, akapewa maji kwa kijiko, kisha uji mwepesi, kisha chakula cha watu. Kila alipotoa upepo alimtazama Redio, na Redio aliandika alama hewani kama mwalimu. Daktari aliniambia kwamba utumbo ukishaamka hivi mara nyingi haurudii kulala. Ila ndani panabaki makovu, na makovu huweza kushikana na kuuziba siku za mbele. Akitapika tumbo likiwa limejaa, nisingoje aseme ni gesi.

Siku ya kuruhusiwa nilibeba mfuko wake mkono mmoja, na mkono mwingine nikafungua mlango wa wodi. Ulikuwa mlango wa springi. Ukiuachia unajifunga kwa kishindo. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni.

"Usiuachie," alisema. "Watoke kwanza."

Nikaushikilia. Mtu mmoja aliyebeba chupa ya chai akapita akanishukuru kwa ustaarabu wangu. Akapita mwingine na mtoto. Bega likaanza kuniuma, lakini sikuuliza kama bado wapo wengi. Nilingoja mpaka aliponiambia basi.

Tukafuata korido. Kila nilipotaka kukaza mwendo alinivuta nyuma, kama tunavyofanya tukifuata wazee waliotangulia, na tukatembea hivyo mpaka getini. Hapo akasimama, akatazama upande mmoja wa barabara, akatazama na upande wa pili.

"Wanakwenda nyumbani kwetu?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema. "Miaka yote wao ndio hunifuata mimi."

Akanishika mkono, tukavuka.